Barua ya wazi: Pimeni Sabaki kwanza, ndipo mzungumzie visima vipya Baricho

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji, Mheshimiwa Gavana wa Kilifi, wakuu wa Shirika la Coast Water Works na wakuu wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Waheshimiwa, salamu kutoka Malindi.

Kila tukigusia maji ya Baricho, vile visima vya kandoni mwa mto Sabaki vinavyonywesha Malindi hadi Mombasa, jibu la kwanza tunalopewa ni kwamba Mombasa ina kiu. Tunajua. Watoto wetu wamepanga Kisauni, dada zetu wameolewa Likoni, mgonjwa akizidiwa hukimbizwa hospitali ya Makadara. Mombasa ikikosa maji, wanaokosa ni jamaa zetu. Wala hatudai kwamba mto ni mali ya Mgiriama, Mbajuni au Mswahili wa Malindi. Katiba, kifungu cha 62, imeiweka mito katika ardhi ya umma, na hapo hatuna ubishi. Basi hii hoja ya uchoyo tuiweke kando, maana imetumika mno kutunyamazisha.

Tunachokipinga kina mipaka yake. Tunapinga kuongezwa visima na pampu Baricho, na kutanuliwa mabomba ya kwenda kusini, kabla umma haujaonyeshwa vipimo vya mto wakati wa kiangazi, na kabla vijiji vinavyopitiwa na mabomba hayo havijapata mfereji. Wazo la kuipanua Baricho si la jana. Limekuwa likitajwa katika mipango ya maji ya Pwani kwa zaidi ya miaka kumi, bega kwa bega na bwawa la Mwache kule Kwale na bomba la pili la kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo. Bwawa huchukua miaka kujengwa, na bomba la kutoka Tsavo lina gharama na wenyewe wanaolipinga. Kwa hiyo kila Mombasa inapolia, macho hugeukia Baricho. Pampu zipo, bomba lipo, umeme upo. Ni kuongeza tu. Hilo neno "kuongeza tu" ndilo lililonikalisha kitako niandike.

Kwa wasiopafahamu, Baricho iko kandoni mwa mto, upande wa bara wa Malindi. Mto wenyewe unatoka nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukishaungana na Tsavo unakuwa Galana, na ukifika kwetu ni Sabaki, hadi unapomwagika baharini kaskazini ya mji, katikati ya Malindi na Mambrui. Mvua zikinyesha bara, tope lake hugeuza bahari yetu kuwa nyekundu, na watalii huuliza kuna nini. Tope hilohilo liliwashinda waliotaka kuyachota maji mtoni moja kwa moja. Ndiyo sababu leo maji ya Baricho hutolewa visimani, kwenye mchanga mnene uliojaza mkondo wa kale wa mto. Mchanga unayachuja, yanatoka safi, kisha yanasukumwa Malindi, Watamu, Kilifi, Mtwapa, hadi kwenye matangi ya Nguu Tatu kule Mombasa.

Sasa tazameni hesabu inavyofanywa. Kwa kuwa maji yametoka kisimani, kwenye makaratasi yanaandikwa maji ya ardhini, kana kwamba chini kuna ziwa jingine lililojificha, lisilohusiana na Sabaki. Lakini mchanga ule haujijazi wenyewe. Mvua ya Baricho ni ya kubahatisha, wala haiwezi kujaza visima vinavyonywesha miji mitano. Anayeujaza mchanga ni mto. Pampu zikivuta zaidi, maji ya mchangani yanashuka, na mto unaanza kupenya ardhini kwa kasi kubwa zaidi ili kuziba pengo. Kisima na mto ni mirija miwili kwenye dafu moja. Ukinyonya kwa huu, anayenyonya kwa ule ataona.

Mei na Novemba hakuna atakayeona. Sabaki hupita kwa kishindo siku hizo, na maji mengi yanakwenda baharini bila kazi, kama wanavyopenda kusema wahandisi. (Sikubaliani na hilo la "bila kazi," nitalirudia.) Swali ni Februari na Machi, jua la kaskazi linapochoma na mto umekonda hadi mtoto anavuka. Na tena Septemba na Oktoba, kabla ya vuli. Miezi hiyo ndiyo Mombasa inayohitaji maji zaidi, ndiyo pampu zinayovuta zaidi, na ndiyo mto unaokuwa na kidogo zaidi. Wastani wa mwaka mzima haufai kitu hapa. Mtu hanywi wastani.

Miaka ya 2020 hadi 2023 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo. Hiyo ilikuwa mizani tuliyoletewa na Mungu. Vipimo vya Sabaki vya miaka hiyo viko wapi? Usawa wa maji katika visima vya Baricho ulishuka kiasi gani, na ulichukua muda gani kurudi mvua zilipokuja? Hayo ndiyo maswali ya kwanza ambayo fundi yeyote angeuliza kabla ya kuongeza hata pampu moja. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Hatuombi siri ya jeshi. Tunaomba daftari la maji.

Na Katiba hiyohiyo, katika Jedwali la Nne, inapogawa kazi baina ya Serikali ya Taifa na kaunti, imetaja jambo ambalo viongozi wetu hawalisemi majukwaani. Kaunti imepewa huduma za maji na usafi. Serikali ya Taifa imepewa kuyalinda maji, na kuhakikisha kwamba maji yanayobaki baada ya kuchotwa yanatosha. Yanayobaki! Kumbe katika kazi mliyoandikiwa hamkuambiwa tu mtoe maji. Mliambiwa mhesabu na mabaki. Sheria ya Maji ya 2016 nayo inataka pawe na akiba ya maji isiyoguswa, kwa ajili ya mahitaji ya kimsingi ya watu na uhai wa mto wenyewe, na inayapa maji ya matumizi ya nyumbani nafasi ya kwanza. Tunauliza basi: akiba ya Sabaki chini ya Baricho ni kiasi gani kwa siku, mwezi wa Machi? Anayelijua jibu ajitokeze alitaje hadharani.

Kwa maana chini ya Baricho kuna watu. Kuna wakulima wa kandoni mwa mto wanaopanda mchicha, mabamia, ndizi na matikiti, wenye pampu ndogo za petroli na paipu za kuviringisha. Mboga unazonunua soko la Malindi sehemu yake hutoka huko. Kuna wanaoteka maji ya kunywa mtoni kwa mitungi, huku wakiangalia mamba. Halafu kuna mlango wa mto wenyewe, penye mikoko, viboko na ndege wa kila namna, na wavuvi wa Mambrui. Maji ya mto yanayoingia baharini ndiyo yanayoilisha ghuba ya Ungwana, na kamba wa ghuba hiyo wamelisha nyumba nyingi za pwani hii. Hiyo ndiyo kazi ya maji "yasiyo na kazi."

Mto ukikosa nguvu, bahari haibaki ilipo. Bamvua huingia mtoni likapanda mbali zaidi, na maji ya mashamba ya karibu na mlango huwa ya chumvi. Watu wa Magarini hawahitaji kufundishwa hilo. Mwaka 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti ya uchunguzi wake kuhusu viwanda vya chumvi vya huko, na maji yaliyoharibika yalikuwa miongoni mwa vilio vya wananchi. Kisima kikishaingia chumvi hakiponi kwa hotuba.

Upande wa juu nako kuna wenye mirija yao. Bwawa la Thwake, Makueni, ambalo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2018, liko kwenye mto huuhuu. Mashamba ya Galana Kulalu, yaliyoanza na shamba la mfano la ekari 10,000, yananyweshwa na mto huuhuu. Nairobi nayo inatuletea majitaka yake kupitia mito inayoingia Athi, na hilo peke yake linahitaji barua nyingine. Kila mradi una ripoti yake ya mazingira, kila ripoti inasema mto unatosha, na kila moja huenda ina ukweli ikisomwa peke yake. Ni nani aliyezijumlisha? Mkijenga bwawa juu, mkaongeza mashamba katikati na visima chini, jumla yake inaangukia Mambrui.

Niseme na la mjini, maana kuna wanaodhani ni shida ya mashambani. Mfereji ukikauka Malindi, tajiri hachukui mtungi. Anaita mashine ya kuchimba. Hoteli inachimba, nyumba ya kukodisha inachimba, muuza maji wa boza anachimba. Wengine wote tunanunua kwa mkokoteni au tuktuk, na bei hupanda jua linavyopanda. Kwa hiyo maji ya Baricho yakielekezwa kusini kwa wingi zaidi, matokeo yake ya pili ni kuvutwa zaidi kwa maji yaliyo chini ya mji wenyewe. Na mji wetu umekaa juu ya mawe ya matumbawe. Humo maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni mepesi. Wajuzi wa mambo hayo wana kanuni ya zamani: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Ukiishusha ile ya juu kwa nusu mita, chumvi chini inapanda mita 20. Mwenye kisima kirefu cha mashine anamharibia jirani mwenye kisima cha ndoo, na wote wawili hawaonani.

Anayetaka ushahidi wa zamani aende kwenye magofu ya Gede, mwendo mfupi kutoka kwetu, mahali palipoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Pana misikiti, kasri, na visima. Wachimbuzi walikuta alama za kisima kilichoongezwa kina, na kushuka kwa maji ni moja ya sababu zinazotajwa za mji ule kuhamwa. Hapakuwa na pampu ya umeme wakati huo.

Turudi Mombasa. Ripoti za bodi ya kudhibiti huduma za maji, WASREB, zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosukumwa mijini Kenya hayalipiwi. Sehemu inavuja kwenye mabomba chakavu, sehemu inaibwa, sehemu haisomwi na mita. Basi fikirini: kati ya kila mitungi kumi inayotolewa kwenye mchanga wa Baricho kwa umeme wa gharama, minne inapotea njiani au haina hesabu, halafu mnakuja kutuambia tutoe mitungi mingine. Kuziba bomba linalovuja Bamburi hakuna sherehe. Hakuna utepe wa kukata, hakuna jiwe la msingi lenye jina la mtu. Nadhani ndiyo sababu haipendwi. Lakini ndiyo chanzo cha maji kilicho karibu zaidi na Mombasa kuliko Baricho, Mzima na Mwache, na hakimkaushii mtu mto wake.

Na hao waliokaa juu ya bomba? Ukitoka Malindi kuelekea bara, Kakuyuni, Jilore hadi Lango Baya, utawaona kina mama na mitungi ya manjano wakitembea sambamba na njia ya maji ya watu wengine. Wenzetu wa Taita Taveta wamelia kilio hicho kwa miongo. Maji ya Mzima yanakwenda Mombasa tangu miaka ya 1950, na madai yao ya fungu la haki hayajakwisha hadi leo. Wamehesabu wajukuu sasa. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka Serikali ihakikishe manufaa ya maliasili yanagawanywa kwa usawa. Manufaa ya kwanza ya maji ni kunywa. Hatuhitaji mrabaha wa kifalme, wala shule iliyopakwa rangi na kupigwa picha. Kioski cha maji chenye mfereji unaotoa maji, penye bei ambayo mama wa Lango Baya ataimudu, kabla ya bomba jipya kuvuka kijiji chake. Wananchi wa eneo la chanzo wasomewe mita ileile kama wengine, hilo ni sawa. Lakini wawe na mita ya kusomwa!

Kuna jambo la historia ambalo mgeni anayekuja na ramani huenda halijui. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni iliwaamuru Wagiriama watoke upande wa kaskazini wa Sabaki, waache mashamba yao yenye rutuba. Mekatilili wa Menza, mama aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga wakoloni, alikuwa amekwisha kuwaapisha watu mwaka uliotangulia. Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, ilipigwa baruti, nyumba zikachomwa, na watu wakafa. Hatimaye waliohamishwa walirudi ng'ambo ya mto, na kaburi la Mekatilili liko Bungale, hukohuko Magarini. Siwafananishi ninyi na wakoloni, hasha. Naeleza tu kwa nini uamuzi kuhusu mto huu, ukishapangwa mbali kisha ukaletwa kwetu kutangazwa, haupokelewi kwa makofi.

Na namna mnavyouleta, wakati mwingine, inaudhi. Kikao cha maoni kinafanyika katika ukumbi wa hoteli mjini, asubuhi ya siku ya kazi. Ripoti ni ya mamia ya kurasa, kwa Kiingereza. Mkulima wa Jilore anafika, anapewa maji ya chupa (hapo hata mimi nilicheka), anaweka sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, na karatasi hiyo baadaye inakuwa ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa. Mahudhurio si ridhaa. Ripoti ifupishwe kwa Kiswahili na Kigiriama, isomwe katika baraza, na watu wapewe muda wa kwenda kuulizana kabla ya kujibu.

Tunachotaka si kirefu. Msitoe kibali kipya cha kuvuta maji Baricho hadi vipimo vya mto na vya visima, mwezi kwa mwezi, kuanzia ukame wa 2020, viwe wazi kwa kila mtu. Mamlaka ya Rasilimali za Maji itangaze kiwango cha chini ambacho Sabaki haitaruhusiwa kushuka, ambacho mto ukikifikia pampu zipunguzwe, na mita ya kupima iwekwe mahali ambapo wananchi wataisoma wenyewe, si ofisini. Kibali chochote cha baadaye kipimwe pamoja na Thwake na Galana Kulalu, kwa hesabu moja. Mombasa, na Malindi pia, maana sisi nasi tunavujisha, zionyeshe zimepunguza upotevu kiasi gani kabla ya kuomba zaidi. Visima vya mashine mjini viandikishwe na vipimwe chumvi, vya hoteli vikianza. Ndani ya sheria mna hata njia ya kulitangaza eneo kuwa la kuhifadhi maji ya ardhini, itumieni.

Mheshimiwa Gavana, kwako nina neno la pembeni. Baricho inakaa katika kaunti yako, na Kilifi, Mtwapa na Mariakani nako ni kwako. Najua unavutwa huku na huku. Lakini huwezi kusema maji ni ya Serikali ya Taifa tukija kulalamika, kisha ukasema ni yetu ukienda kuomba kura. Kaunti ina haki ya kuuliza hesabu ya mabaki kwa niaba yetu. Iulize kwa barua, na barua hiyo tuione.

Mwisho, kikao. Tunaomba kifanyike Baricho penyewe, si hotelini, na kifanyike Machi kabla ya masika, si Novemba mto ukiwa umejaa. Tutakuja wakulima wa Jilore na wavuvi wa Mambrui, wazee wa kaya, na wenye nyumba wa mjini na bili zao mkononi. Viti tutaazima shuleni. Ninyi leteni wahandisi wenu na daftari la vipimo, na aje mmoja wenu mwenye mamlaka ya kutia sahihi.

Wasalaam,
Mkazi wa Malindi